Punje za Rangi Mbili

Mtu aliyekasirika kwa haki ana mwendo wake. Hakimbii, hajikwai, wala haitikii salamu za upande wa pili wa barabara. Ndivyo alivyotembea Bi Mbavu asubuhi ile, aproni bado kiunoni, gunia begani, na midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini kwa meno. Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya mbavu za ng'ombe alizokuwa akizipika kwa moshi kwenye mkahawa wake mdogo. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito, na wageni waliolisikia jina kabla ya kumwona walikuwa wakichungulia nyuma yake kumtafuta mwenye jina.

Alikuwa akienda kwa muuza punje. Zile ni punje za kuni: unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vipande vidogo, mithili ya penseli iliyokatwakatwa, vinavyomiminwa kwenye tangi la jiko ili vitoe moto na moshi wa kuipa nyama ladha. Kila mti na pipa lake, kila pipa na harufu yake, na katikati ya mapipa yote alisimama mwanaume mmoja mrefu, mpole, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Punje. Alikuwa akimhudumia mzee fulani.

"Nataka moshi wa kumkaribisha mkwe," mzee alikuwa akisema.

"Mkwe unayempenda au usiyempenda?"

"Sijaamua bado."

"Basi chukua mwaloni, mzee wangu. Uko katikati. Haumfurahishi mtu kupita kiasi, wala haumuudhi."

Mzee akacheka mpaka akashika mgongo, akachukua mfuko wake, akaondoka. Bwana Punje akageuka. Uso wake ukafanya kile ulichokuwa ukifanya kila alipomwona mwanamke huyu: ukachangamka kabla mwenyewe hajauruhusu.

"Karibu, dada. Leo mapema kul—"

Gunia likapinduliwa juu ya meza. Punje zikamwagika, zikabingirika mpaka sakafuni.

"Hizi ni nini?"

"Punje."

"Usinifanyie mzaha. Mimi huwa naagiza nini kwako?"

"Hikori."

"Hikori ina rangi gani?"

"Kahawia."

"Na hizi nyingine, mbona nyeupe? Zimepauka kwa mawazo?"

Bwana Punje alizitazama zile punje kama mtu anayetazama barua ya kufukuzwa kazi. Halafu akainua macho, na hilo Bi Mbavu hakulitegemea. Alitegemea akane. Alikuwa amekuja na maneno ya kumjibu mtu anayekana.

"Ni mtufaha," alisema. "Nimekuchanganyia mimi."

Siku iliyotangulia, wifi wa Bi Mbavu, dada wa marehemu mumewe, aliyekuja kutoka mbali kuwatembelea yeye na mama mkwe wake, alitafuna kipande kimoja cha ubavu, akakirudisha kwenye sahani. "Wifi," alisema, "hii si nyama ya kaka." Bi Mbavu akacheka, akasema labda ni safari imemharibu ulimi. Lakini neno la wifi haliingii sikioni likatoka. Kulipokucha alilimwaga gunia kwenye sinia, juani, akaziona rangi mbili.

Ili mtu aelewe hasira yake lazima ajue hikori ilikuwa nini kwake. Mumewe ndiye aliyelijenga lile jiko, ndiye aliyechagua hikori, moshi mzito, mkali, unaokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Tangu amzike, Bi Mbavu alibadilisha mapazia, akabadilisha meza, akapaka kuta rangi nyingine. Hikori hakuigusa. Moshi ule ulipopanda, mumewe alikuwa kama yuko chumba cha pili tu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu zile mvua kubwa. Hikori iliniishia, gunia lako halijajaa, na wewe umesimama hapo unasubiri. Nikajazia mtufaha kidogo. Nilikusudia kukuambia."

"Nini kilikuzuia?"

"Uliporudi ulikuwa unacheka. Ulisema nyama imeisha mapema, na mama mkwe wako amekula mpaka akalamba vidole. Nilikuwa sijawahi kukuona ukicheka."

"Na safari iliyofuata? Hikori haikuwepo?"

"Ilikuwepo. Tele."

"Ukachanganya tena."

"Nikachanganya tena. Nikaongeza. Ya kwanza ilikuwa dharura, zilizofuata ni makusudi. Siwezi kukudanganya."

"Umeshanidanganya!" Sauti ilimpanda mpaka mpita njia akasimama mlangoni, akaona hali ilivyo, akakumbuka ana haraka. "Kwa nini? Nilikukosea nini mimi?"

Bwana Punje akaweka mikono yote miwili mezani, juu ya zile punje. "Ukija hapa unafungua gunia, unafumba macho, unanusa. Ukiyafumbua yana machozi. Kila ukija. Mimi ndiye niliyekuwa nakuuzia hayo machozi, dada. Nilichoka kuyauza."

Kama Bi Mbavu angeyasikia maneno hayo jana, angeyabeba mpaka nyumbani kama yai. Leo yalimchoma.

"Machozi ni yangu," alisema. "Nani alikutuma uyapunguze? Ulikuwa na haki gani?"

"Sikuwa nayo."

"Wewe ni nani kwangu?"

Akamtazama, naye akamtazama, na katika kutazamana huko kulikuwa na kila kitu walichokuwa wamekizungukazunguka muda wote ule kwa mazungumzo ya ukavu wa kuni na bei ya nyama.

"Hilo ndilo nililotaka kukuuliza mwenyewe, siku moja," Bwana Punje alisema polepole. "Sasa nimeliharibu."

Bi Mbavu alijikaza kisabuni. "Nipimie hikori. Tupu. Upime nikikuona."

Akampimia. Mkono uliozoea kushona mdomo wa gunia huku ukipiga soga ulikosea tundu, ukarudia. Hakuna aliyesema kwaheri.

Njiani Bi Mbavu alilia, na aliyaona machozi hayo kuwa ya aibu kuliko yale ya hikori. Kwani alijua vizuri kilichomuuma. Angekuwa muuzaji mwingine, angemtukana, angehamia duka jingine, na mchana angekuwa amesahau. Lakini huyu alimpenda. Alikuwa ameanza kuvaa hereni siku za kwenda kununua kuni! Mwanamke mzima, mjane, anavaa hereni kwenda kununua kuni. Na mtu huyo huyo ndiye aliyemwibia mumewe kidogo kidogo, kwa kiganja.

Mchana ule alipika kwa hikori tupu. Moshi ukapanda, mzito, ukamjaa kifuani kama zamani. Wifi alikula kipande cha kwanza akafumba macho.

"Hii ndiyo!" alisema. "Sasa nimefika nyumbani. Umemwambia ukweli huyo tapeli?"

"Nimemwambia."

"Na umwache huko huko. Mimi si mtoto, wifi. Tangu nifike nasikia Bwana Punje hivi, Bwana Punje vile. Mwanaume anayekupunguzia marehemu kwenye gunia, kesho atakupunguzia na sisi. Leo kaka, kesho mama, keshokutwa hata mimi sina pa kufikia."

Wifi ni wifi, na huyu hakuwa mbaya. Alikuwa amefiwa kama wao. Bi Mbavu akageuka kuondoa vyombo, ndipo alipoiona sahani ya mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya dirisha, mahali pake pa siku zote. Nyama ilikuwa kama ilivyopakuliwa. Alikuwa ameisogeza, akaikatakata, akaipanga upya, kama wafanyavyo watoto wanaotaka kuonekana wamekula.

"Mama, hujala."

"Nimeshiba, mwanangu."

"Umeshiba nini? Asubuhi ulikunywa chai kavu."

"Chai nayo hushibisha."

Bi Mbavu akavuta kiti, akaketi. Kuna kitu kilianza kumjia kichwani, taratibu. Baada ya mazishi mama huyu alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Daktari alisema ni majonzi. Kisha akaanza kula. Ilikuwa lini? Ilikuwa baada ya mvua kubwa.

"Mama," alisema, "nikuulize kitu, na usinionee haya. Hii nyama ina nini?"

Mama mkwe alitazama nje dirishani. Akakunja leso, akaikunjua.

"Haina kitu. Ni nzuri. Ni vile vile alivyokuwa akiipika yeye." Akaisukuma sahani. "Ndiyo shida yake. Ikifika mdomoni namwona mwanangu amesimama pale jikoni, ananiuliza, mama chumvi imetosha? Nitamezaje, mwanangu? Mtu anammezaje mtoto wake?"

"Na hizi siku zilizopita?"

"Hizi siku zilizopita ulibadilisha kitu, sijui nini. Moshi ukawa mwepesi. Ukaacha kunipiga. Nikawa nakula nyama tu, kama watu wengine."

Bi Mbavu alijishika mdomo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Wewe ndiye mjane. Nilikuona unalikumbatia hilo gunia, nikasema, kama ndilo linalomshikilia mke wa mwanangu, mimi ni nani nilitupe? Nikanyamaza."

"Mama! Mimi nilikuwa nakununulia wewe! Nilisema, nikibadilisha, mama ataona nimemtupa mwanawe."

Wakatazamana. Yupi alianza kucheka hawakukumbuka baadaye, lakini walicheka na kulia kwa pamoja, wameshikana mikono juu ya sahani, wanawake wawili waliokuwa wakifukizana kwa mapenzi bila kuambiana kuwa macho yanawasha.

"Mficha uchi hazai," mama mkwe alisema akijifuta. "Sisi tuliuficha vizuri."

"Kwa hiyo kaka afutwe?" Ilikuwa sauti ya wifi, amesimama mlangoni na sahani yake mkononi. "Mimi sikukaa naye kama nyinyi. Nikija hapa, nikinusa, ndipo ninapomwona."

Bi Mbavu aliinuka, akamkumbatia pamoja na sahani yake. "Ukija nitakupikia hikori, wifi. Yako peke yako. Jiko hili hutanyang'anywa. Lakini mama lazima ale."

Wifi alilia begani mwake, akapangusa pua, akasema kwa sauti ya kujitetea, "Hata hivyo yule mwanaume simpendi."

"Hukuombwa umpende wewe," mama yake akamjibu. Kisha akamgeukia Bi Mbavu, macho bado mekundu lakini yameshaanza udadisi. "Alikana?"

"Nani, mama?"

"Usinizungushe. Huyo mchanganyaji. Ulipomfuata, alikana?"

"Hakukana."

"Ana mke?"

"Hana."

"Hm." Alichukua muda kuinyoosha leso yake. "Nitakuambia jambo ambalo mama wa marehemu hapaswi kulisema. Mwanangu alikupenda sana. Lakini alikuwa akikuamulia kila kitu. Jiko aliamua yeye, kuni alichagua yeye, hata gauni la harusi nilimkuta dukani analichagua yeye, wewe umekaa nyumbani. Nilikuwa nikimkemea. Ananijibu, mama, si nampenda? Kana kwamba kupenda ni ruhusa. Huyu naye ameanza hivyo hivyo, kwa wema wa kificho. Nenda kamwone. Kama anaweza kujifunza kuuliza, sina kinyongo. Kama hawezi, rudi nyumbani tunywe chai kavu."

Kesho yake hakuvaa hereni. Aliziweka masikioni, akazivua, akaziacha mezani, akatoka.

Duka lilikuwa tupu. Bwana Punje alikuwa amepiga magoti akizoa punje zilizokuwa bado chini ya meza tangu jana. Alipomwona aliinuka haraka mno, akagonga kichwa.

"Pole," Bi Mbavu alisema, kabla hajakumbuka kuwa amekasirika.

"Nilistahili." Alijisugua. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hakulala. "Ni vizuri umekuja. Nimefikiria sana. Najua huwezi kuniamini tena, na mteja hawezi kununua mahali asipopaamini. Basi nimekutafutia muuzaji mwingine, upande wa stesheni. Mtu mwadilifu. Nimeshazungumza naye, atakuletea hikori safi hadi mlangoni, usihangaike kubeba. Nimeshapanga naye kila k—"

"Umepanga?"

"Ndiyo. Ili wewe usi—"

"Umepanga na nani? Mimi nilikuwepo?"

Bi Mbavu aliiona ile fahamu ikimfikia Bwana Punje, ikimpandia kuanzia shingoni mpaka kwenye masikio, ambayo yalikuwa makubwa kidogo na sasa yalikuwa yanawaka.

"Nimefanya tena," alisema.

"Umefanya tena. Hata siku haijapita!"

"Mungu wangu." Akaketi juu ya pipa la mcheri kama mtu aliyekatwa miguu. "Mimi nina nini?"

Alikuwa wa kuchekesha, na alikuwa wa kuhurumiwa, na Bi Mbavu alijikuta anampenda sana kwa namna asiyoweza kuizuia. Lakini hakusogea. Alikuwa na jambo moja tu alilolijia, na kama hatalipata ataondoka, moyo utake usitake.

"Kila mtu anayeingia hapa unamuuliza," alisema. "Yule mzee ulimuuliza kama anampenda mkwe wake. Mwenye kuku unamuuliza, mwenye samaki unamuuliza. Mimi hujawahi kuniuliza hata siku moja. Ulipokea hikori uliyoikuta, kisha ukaniamulia mtufaha. Niulize."

Bwana Punje alisimama. Alijipangusa mikono kwenye suruali, kwa uangalifu, kama anayejiandaa kushika kitu kinachovunjika.

"Wewe," alisema, "unapenda ladha gani?"

Bi Mbavu alivuta pumzi ili ajibu. Jibu halikuwepo. Alilitafuta kote. Alijua mumewe alipenda nini, alijua mama anaweza kumeza nini, alijua wateja wa mchana na wateja wa jioni. Alikuwa amesimama mbele ya moto nusu ya maisha yake, na hakujua.

"Sijui," alisema, na machozi yakamtoka.

Bwana Punje alikuwa na ushauri, bila shaka. Mtu huyo alikuwa na ushauri kwa kila kiumbe kinacholiwa. "Mche—" alianza. Akaumeza. Alisubiri, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Una jiko dogo hapo nyuma," Bi Mbavu alisema, akijifuta. "Na paja la kuku ninalo kwenye kikapu, lilikuwa la chakula cha mama. Lipike kwa zote, kidogo kidogo. Usiniambie ni mti gani. Wala usinitazame usoni ninapotafuna."

"Hilo la mwisho ni gumu."

"Jaribu."

Bwana Punje akapindua kibao cha mlangoni kikasomeka duka limefungwa. Kati ya ladha moja na nyingine alilazimika kulimaliza tangi lote, kuchoma masalio mpaka moshi wa kwanza utoke, maana punje za jana zikibaki chini huitia nyama ya leo ladha isiyo yake. Ilichukua muda mrefu. Walizungumza, wakanyamaza, wakazungumza tena. Bi Mbavu alimtaja mumewe kwa jina, mara ya kwanza mbele ya mwanaume huyu, na Bwana Punje alisikiliza bila kuharakisha. Mwaloni aliusukuma kando. Mcheri ulimfanya atikise kichwa. Mtufaha aliutambua, akamkazia jicho, akasema ni mzuri kwa mama. Kipande cha mwisho alikitafuna kidogo, akasimama. Akatafuna tena.

"Hii," alisema. "Ina uchungu mdogo, halafu inakuja tamu. Hii ndiyo yangu. Ni nini?"

Bwana Punje alijikuna kichwa pale alipojigonga asubuhi. "Mchungwa. Huo haununuliwi na mtu. Hata mimi siupendi."

"Sikukuuliza."

Wakaangua kicheko, cha kweli, cha kushika mbavu, na kicheko kilipoisha walikuwa wamesimama karibu kuliko walivyoanza. Mwanaume huyo alinuka moshi wa miti yote. Bwana Punje aliinua mkono, akausimamisha hewani karibu na shavu la Bi Mbavu.

"Naweza?"

"Unaweza."

Mkono ukatua, mkavu, wa joto. Bi Mbavu aliulalia kidogo, macho wazi.

"Jumapili tunakula nyumbani," alisema. "Wifi yangu atakuwepo. Hakupendi, nakuonya mapema, na atakutafuna kuliko hizo mbavu. Uje."

Bwana Punje alisita, masikio yakaanza tena kuwaka. "Mama mkwe wako ameniita?"

"Hapana," alisema. "Mama ameruhusu. Anayekuita ni mimi."